Miaka 100 ya spika, na deni la umeme Turkana

Mwaka 2025 ilitimia miaka 100 tangu Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, wachapishe utafiti wao kuhusu spika ya koili na sumaku. Spika nyingi za leo, za sebuleni hata za matatu, ni wajukuu wake. Wengi husahau kwamba Radiola 104, iliyotokana na kazi hiyo na kuuzwa mwaka 1926, ilibeba amplifaya yake ndani. Sabufa ya kuchomeka ukutani, basi, si jambo la juzi.

Baadaye wapenzi wa muziki walitenganisha vitu: amplifaya huku, spika kule, waya katikati. Kimoja kikiungua, kingine kinasalia. Sabufa imevirudisha katika boksi moja. Bei imeshuka, lakini bodi ikiungua boksi zima limenyamaza. Na zile wati elfu kadhaa za PMPO (nguvu ya kilele) kwenye kartoni ni porojo za wauzaji.

Tena sabufa inadai umeme wa ukutani, na Kalokol, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, inazijua mashine zinazodai umeme usiokuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilimaliza kuwajengea wavuvi kiwanda cha kugandisha samaki wa Ziwa Turkana. Mafriza yakataka umeme mwingi, usafi ukataka maji safi jangwani, na gharama ikamshinda samaki mwenyewe. Kilifanya kazi siku chache tu. Ghuba ya Ferguson, walikovua, nayo ikakauka, na mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya mwanasiasa mpinzani Koigi wa Wamwere, msaada ukakoma. Jengo lile la kifahari likaishia kuwa ghala la samaki wakavu.

Mwaka 1991 bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, likaanza kuzalisha umeme. Mto huo unapita Lodwar ukielekea ziwani, lakini nyaya zilivutwa kusini hadi kituo cha umeme cha Lessos, na Lodwar ikaachiwa jenereta za dizeli kwa miongo mingi. Ni aibu, na haijafutika kwa paneli za sola ambazo wananchi wamejinunulia.

Kwa anayetegemea sola, spika tupu na amplifaya ndogo ya volti 12 bado zina faida: zinakula betri moja kwa moja, bila inveta ya kupoteza chaji. Ukitaka sabufa, kabla ya kuuliza wati, muulize mwenye duka kama ina tundu la volti 12.