Kompyuta ya mtaa mzima

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Uamuzi huo haukuzuka tu. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na katika miaka iliyofuata ikaonekana kuwa mzigo. Ilikula fedha za kigeni, ilitegemea wataalamu kutoka nje, na hesabu za Serikali zilizotarajiwa kutoka haraka zikavurugika. Nchi changa iliyobana matumizi ya kila dola ilikuwa na haki ya kuogopa.

Tatizo lilikuwa wakati. Marufuku ile ililenga mitambo mikubwa iliyojaza chumba, ya kununuliwa na wizara au shirika la umma. Januari 1975, huko Marekani, ikatangazwa Altair 8800, ambayo mtu aliweza kuagiza kwa posta na kuiunganisha mwenyewe nyumbani. Mwaka 1977 ikaja Apple II, na Agosti 1981 IBM ikatoa PC yake kwa bei ya kuanzia dola 1,565. Sisi tulikuwa tumefunga mlango kwa sababu ya mashine za aina nyingine kabisa. Hata hivyo mlango haukufungwa wote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kituo chake cha kompyuta, na katika miaka ya 1980 miradi ya wafadhili ikaleta kompyuta ndogo kwa vibali. Masharti yakalegea kidogo kidogo, mpaka mageuzi ya uchumi yakayaondoa.

Kwa hiyo kompyuta ya mezani ilipoanza kuonekana kwa wingi, ilikuta watu wengi hawana fedha ya kuinunua. Hapo ndipo historia yetu ilipoachana na ya Ulaya na Marekani. Kule ilikuwa mali ya mtu na familia yake. Kwetu ilikuwa ya ofisi, kisha ikawa ya mtaa. Waliotufundisha kuitumia ni watu ambao hawatajwi hata kwenye hotuba za maadhimisho: makatibu muhtasi na wenye steshenari.

Chukua ofisi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kompyuta imewekwa kwa mkurugenzi, kwa sababu ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote na yeye ndiye mkubwa. Imefunikwa kava lisiingie vumbi. Mkurugenzi anaandika barua kwa kalamu, anampa katibu wake, na katibu anaichapa kwa taipureta, karatasi kaboni katikati. Mashine ilipohamishiwa mezani kwa katibu ndipo kazi ilipoanza. Mwanamke aliyetoka Chuo cha Uhazili Tabora alikuwa tayari anachapa kwa vidole kumi bila kutazama, na mpangilio wa herufi kwenye kibodi ulikuwa ule ule wa taipureta. Kilichobaki kujifunza ni amri za MS-DOS na programu ya WordPerfect. Kosa moja mstari wa mwisho halikumlazimu tena kuanza ukurasa upya. Naona hao ndio mafundi wetu wa kwanza wa kompyuta, na wengi wao wamestaafu bila mtu kuwauliza walivyojifunza. Wanahistoria wetu wakawatafute wangali hai.

Kutoka ofisini kompyuta ilitoka nje hadi mtaani. Kwenye steshenari palikuwa na fotokopi na rimu za karatasi, pakaongezwa kompyuta moja na printa. Mteja alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne: barua ya maombi ya kazi, mkataba wa kupanga nyumba, muhtasari wa kikao cha harusi, kadi za michango. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akisoma mwandiko wake kwa sauti, huku mchapaji akiandika na kumsahihishia Kiingereza bila kumwaibisha. Malipo yalikuwa kwa ukurasa. Kazi ilihifadhiwa kwenye disketi ya megabaiti 1.44, iliyofungwa kwenye bahasha isipate unyevu. Umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, wote wawili walianza upya. Baadaye zikaja flashi, na virusi vikasafiri nazo kutoka kaunta moja hadi nyingine.

Shuleni mambo yalikwenda taratibu zaidi. Shule zilizokuwa na chumba cha kompyuta zilikifunga kwa kufuli, na mwanafunzi alivua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Zisizokuwa nacho zilifundisha kwa chaki: monita, kibodi na kipanya vilichorwa ubaoni, na watoto wakavinakili kwenye madaftari. Kwa majirani zetu, Rwanda ilianza kugawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi mwaka 2008. Kenya iliahidi kompyuta kama hizo mwaka 2013, zabuni ikafika mahakamani, na vishikwambi vikaanza kufika shuleni mwaka 2016. Mtoto anayejifunza kipanya kwa mchoro amenyimwa kitu, na kila mwaka wa kuchelewa una watoto wake.

Mabadiliko makubwa ya bei yalitoka kwenye kodi na mitumba. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliweka kompyuta kwenye asilimia sifuri, na mashine zilizotumika Ulaya na Dubai zikajaa madukani. Mwaka mmoja kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile nzuri ilistahili kufika kwenye kila kaunta, lakini mafunzo ya vyeti yalikuwa ya Word na Excel za Kiingereza, na mwajiri aliuliza hizo.

Kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, intaneti nayo ililetwa kwa setilaiti na ilikuwa ghali mno. Siku matokeo ya mtihani yalipotoka, familia nzima ilisubiri kwenye intaneti kafe ukurasa ufunguke, mtahiniwa akishika namba yake ya mtihani na mama akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Simu za mkononi zimechukua sehemu kubwa ya kazi za kafe hizo. Lakini maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ya ajira za Serikali sasa hufanywa mtandaoni, yakitaka vyeti vilivyoskaniwa na faili lisilozidi ukubwa fulani. Kijana aliyetoka kijijini na simu yenye kioo kilichopasuka huenda steshenari. Mhudumu humskania cheti cha kuzaliwa, humpunguzia ukubwa wa faili, humfungulia barua pepe kama hana, kisha humwandikia nywila kwenye kipande cha karatasi na kumwambia asiipoteze, kwa sababu ataihitaji tena majibu yakitoka.