Kibao cha Kazi

Kila asubuhi nawasha kompyuta, naandika neno moja kwenye kioo cheusi, na mara safu tatu hutokea: za kufanya, zinazoendelea, zilizokwisha. Hapana picha, ni maandishi matupu.

Asili ya safu hizi ni kiwandani. Taiichi Ohno wa Toyota, huko Japani, alivutiwa na supamaketi za Marekani, ambazo rafu zake hujazwa kile tu alichochukua mteja. Mwaka 1953 utaratibu huo ukaingia karakanani mwake. Kadi iitwayo kanban, yaani kibao, ilifuatana na vipuri. Vikitumika, ilirudi nyuma kuagiza vingine. Pasipo kadi, fundi hakutengeneza kitu, hata kama mikono ilikuwa mitupu.

Katika miaka ya 2000 waandishi wa programu wakauazima utaratibu huo. Wengi wetu tulichukua safu, tukaacha katazo. Safu yangu ya katikati iliwahi kufika kazi 14, mojawapo barua kwa mwalimu wangu wa zamani. Ilikaa humo miezi 8, eti inaendelea, nami sijaandika hata salamu.

Sasa programu yangu hukataa kazi ya 4 katika safu hiyo. Barua niliimaliza, nikaipeleka posta. Aliyeisoma ni mjane wake.