Marini na Arinoti: Beni katika Njia za Ufipa

Mwishoni mwa mwaka 1918 msafara mrefu ulitoka Abercorn, mji unaoitwa Mbala katika Zambia ya leo, ukashuka hadi Bismarckburg, yaani Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hao walikuwa watu wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliosalimisha silaha tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Wazungu walikuwa 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na nyuma yao wapagazi, wake na watoto waliokuwa wamelifuata jeshi kwa miaka. Homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia iliwakuta na wao na kuwaua wengi. Kasanga walipakiwa melini hadi Kigoma, kisha reli ikawapeleka askari na wapagazi kambini Tabora.

Waandishi wa vita hufunga daftari hapo. Anayeandika historia ya dansi hawezi kufunga, kwa kuwa majeshi ya vita vile, la Mjerumani na la Mwingereza, yalitembea na ngoma yao, na ngoma hiyo haikusalimishwa pamoja na bunduki. Iliitwa beni. Hakuna burudani nyingine iliyowakosesha usingizi maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki na Kati kiasi hicho, na uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, ulikuwa katikati kabisa ya njia zake.

Beni ilizaliwa pwani, katika muongo wa 1890. Wakati huo matarumbeta ya Kizungu hayakuwa kitu kigeni kwa watu wa mwambao: Sultani wa Zanzibar alikuwa na kikosi chake cha matarumbeta, na watumwa walioachwa huru wa Freretown, karibu na Mombasa, walifundishwa ala hizo na wamisionari. Vijana wa Mombasa na Lamu walizichukua na kuzitia mahali palipokwisha kuwa na moto, yaani katika mashindano ya mitaa. Mji wa Kiswahili ulikuwa na desturi ya kugawanyika pande mbili, kila upande ukijitapa kwa karamu, mavazi na nyimbo za kumuumbua mpinzani. Beni iliipa desturi hiyo ngoma kubwa, gwaride, sare na vyeo. Mombasa kukawa na Kingi na Skochi, hawa wa pili wakivaa sketi za askari wa Scotland.

Upande wa Wajerumani majina yaliyotawala yakawa mawili, Marini na Arinoti. Marini walijipa heshima ya jeshi la majini na kujiona watu wa pwani hasa, waungwana wenye kalamu na kanzu safi. Arinoti waliwavuta watu wa bara, wageni wa mjini, wale ambao Marini waliwatazama kwa jicho la dharau. Kila chama kilikuwa na Kingi wake, Kwini wake, majenerali, makanali na madaktari. Kilikuwa pia na mfuko: mwanachama aliyefiwa alizikiwa maiti wake, aliyefika mji asioujua alipokewa na tawi la hapo, na matawi yaliandikiana barua. Mtu aliyelala katika chumba cha kupanga, akafanya kazi bandarini au kubeba mizigo ya afisa, jioni aliweza kuwa Kanali na kupigiwa saluti.

Uchokozi wake ulikuwa hapo. Wazungu wengi walioitazama beni waliona kuigwa, wakacheka. Wachache waliona mbali zaidi wakaogopa. Mimi nawaunga mkono hao walioogopa, ingawa sababu zao zilikuwa mbovu. Serikali ya kikoloni ilisimama juu ya imani kwamba amri, cheo na nidhamu ni mali ya Mzungu peke yake. Beni ilionyesha hadharani, barabarani, kwamba vitu hivyo vinaweza kuendeshwa na Waafrika wenyewe, wakiwa na katibu wao, mweka hazina wao na mahakama yao ya kutoza faini, bila bwana shauri kuombwa kitu.

Tutazame sasa ramani ya Ufipa. Uwanda huu umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na kusini unaendelea bila kizuizi hadi nchi za Wamambwe na Walungu na hatimaye Ubemba. Bismarckburg ilikuwa boma la Wajerumani lenye askari waliotoka kila pembe ya koloni. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia. Wajerumani wakazingirwa kwenye boma lao la Namema, wakaponyoka, na tarehe 8 Juni boma la Bismarckburg likaangukia mikononi mwa Waingereza. Nyuma ya kila bunduki iliyovuka uwanda kulikuwa na vichwa vingi vya wapagazi. Waliotoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland waliitwa tenga-tenga, na vijiji vilivyokuwa njiani vililazimishwa kutoa watu na chakula vilevile.

Marini na Arinoti walikuwa na wanachama pande zote mbili za vita hivyo. Kambi za wapagazi na za mateka zikawa shule kubwa zaidi za beni kuliko pwani yenyewe. Vita vilipokwisha, wanafunzi wa shule hizo walirudi kwao kwa miguu. Maofisa wa Rhodesia ya Kaskazini walianza kuandika habari za gwaride la ajabu katika nchi ya Kasama, siku chache tu za mwendo kusini mwa Ufipa, na majina waliyoyasikia yalikuwa yaleyale ya Dar es Salaam na Tanga. Ngoma iliyotoka Bahari ya Hindi na kufika Ubemba kwa miguu ya askari na wapagazi haikuruka juu ya Ufipa kama ndege.

Ilikuta nchi yenye mabwana wengi. Kulikuwa na wafalme wa Nkansi na Lyangalile, wa ukoo wa Watwa, ambao chini yao vyeo vilipangwa kwa ngazi tangu zamani. Kulikuwa na Mapadre Weupe, waliokaa Karema tangu 1885 na kusambaza vituo vyao uwandani hadi Ukatoliki ukawa sehemu ya maisha ya kila kijiji. Na baada ya vita kukaja bwana shauri wa Kiingereza na kodi yake. Kijana aliyerudi kutoka vitani hakuwa na nafasi katika ngazi yoyote kati ya hizo tatu. Mfalme alimwona mtoto, padre alimwona kondoo aliyepotea, serikali ilimwona namba ya kodi. Wamisionari wa Tanganyika, kwa madhehebu mbalimbali, waliichukia beni kwa sababu ya pombe, wanawake na usiku wa kuamkia Jumapili, lakini nadhani iliwauma zaidi kuona kijana anatii Kingi ambaye wao hawakumbatiza wala kumteua.

Serikali nazo ziliingiwa na hofu. Katika miaka iliyofuata vita, barua zilipita kati ya makoloni zikiuliza kama Marini na Arinoti ni mtandao wa siri, kama kuna mkono wa Uislamu wa kisiasa ndani yake, au wa Wabolsheviki wa Urusi. Makachero walirudi na orodha za vyeo na habari za karamu. Hawakupata njama kwa sababu haikuwapo.

Kilichokuwapo kilionekana mwaka 1935. Watu wa uwanda na majirani zao walikuwa wakitafuta fedha ya kodi mbali na kwao: katika dhahabu ya Lupa huko Chunya, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Mwezi Mei mwaka ule wafanyakazi wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma baada ya kodi kupandishwa, na Luanshya polisi wakaua watu sita. Tume iliyoundwa kuchunguza ilisikiliza ushahidi mwingi juu ya Mbeni, jina la beni migodini. Chama cha ngoma kilikuwa tayari na viongozi, wajumbe, na watu wa makabila mbalimbali waliozoea kuitana na kukutana. Watu wenye hasira walipohitaji njia ya kupeleka neno, walikuta njia imekwisha kulimwa.

Katika muongo huohuo njia za kusini zilileta Ufipa kitu kingine, mchape, dawa ya kuwasafisha wachawi, ikipelekwa kijiji kwa kijiji na vijana. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyewaona vijana hao Ubemba, aliandika kwamba walivaa nguo za Kizungu. Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alishuhudia wimbi jingine la aina hiyo, Kamchape, mwaka 1964. Mchape haikuwa beni. Ila vijana waliotoka safari, wenye mavazi ya kigeni na mamlaka ambayo hakuna mkubwa aliyewapa, walikwisha kuwa sura inayojulikana uwandani.

Migodini beni ilizaa kalela, ambayo J. Clyde Mitchell aliichunguza Luanshya na kuandika kitabu chake mwaka 1956. Wachezaji walivaa suruali zilizonyooshwa pasi na viatu vinavyong'aa; mmoja alikuwa daktari mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, na dada muuguzi alipita na kioo na leso ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho. Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga. Huko matarumbeta ya shaba hayakupatikana, basi wakatengeneza yao kwa vibuyu vyenye utando wa buibui, sauti ikatoka ya kukwaruza na yenye nguvu, na mganda ungali unachezwa. Zanzibar, beni husindikiza harusi mitaani hadi leo. Mijini Tanganyika, vijana wa miaka ya 1930 waliihama na kwenda kwenye muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Marini na Arinoti wakabaki ngoma za wazee.

Ufipa haina kitabu cha beni yake, na hilo linaniuma, kwa sababu mahali pa kutafutia panajulikana. Kila kituo cha Mapadre Weupe kiliandika shajara, na kumbukumbu za shirika hilo zimehifadhiwa Roma. Vitabu vya wilaya vya mabwana shauri viko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Na wajukuu wa wapagazi wa 1916 bado wako Kasanga, Matai, Namanyere na Sumbawanga mjini; wapo wanaoweza kuulizwa wiki hii kama babu alikuwa Marini au Arinoti, alikuwa na cheo gani, na nani alimpinga.