Rejeta Haitoi Miale

Rejeta ni neno lililoingia Kiswahili kwa mlango wa gereji, na sauti zake zinalitoboa siri. Redio, ambayo asili yake ni neno lilelile la Kilatini lenye maana ya mwale, ilibaki na d yake na i yake. Lakini radiator ya Kiingereza ilipokelewa kwa sikio: mafundi walisikia, wakatamka, d na i zikasagana zikawa j, mwisho ukafungwa kwa a. Ndivyo walivyotupatia pia dereva, klachi na breki, nasi leo hatuoni ugeni wowote ndani yake.

Wapo wapenda lugha wanaokereka na maneno ya namna hii. Wangetaka jina linalojieleza, linaloonyesha kazi ya kitu. Hoja hiyo ina uzito kwa istilahi nyingi, ila kwa hii ina mtego. Kwa Kiingereza jina hilo lina maana ya kitu kinachotoa miale. Lilianza kwa vyombo vya kupashia nyumba joto katika nchi za baridi, karne ya 19, kisha watengenezaji wa magari wakaliazima. Sasa chunguza rejeta ya gari: joto linalotoka kwa miale ni kidogo sana. Karibu lote huchukuliwa na hewa inayopenya kati ya vibati vyake, ikivutwa na feni au kusukumwa na mwendo wa gari. Kwa hiyo anayetafsiri jina neno kwa neno anahamisha na kosa la Kiingereza. Rejeta ya mafundi haidai chochote kuhusu miale, na kwangu huo ni ubora.

Kama ni lazima kufafanua, tuseme kipoza maji. Kipoza injini hakitoshi, kwa sababu injini hupozwa na maji, na maji ndiyo hupozwa na rejeta. Na o iwe moja: kupoza si kupooza, ingawa injini iliyokosa la kwanza huishia kwenye la pili.

Umbo lake tunalolijua leo linatokana na kazi ya Mjerumani Wilhelm Maybach. Mwaka 1900, kwa gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, alipanga mirija midogo 8,070, kila mmoja milimita 6 kwa 6, hewa ikapita ndani ya mirija na maji nje yake. Lita 9 tu za maji zikatosha kupoza injini. Baadaye mpangilio uligeuzwa: maji ndani, hewa nje. Rejeta za magari ya zamani, kama Land Rover zilizokuwa zikiundwa miaka ya 1970, zina mirija na vibati vya shaba nyekundu, tenki la juu na la chini la shaba njano, vyote vikiungwa kwa lehemu. Ndiyo maana fundi wa rejeta aliitwa kulehemu: alisafisha penye tundu, akapasha, akaziba. Rejeta mpya nyingi ni za alumini zenye matenki ya plastiki yaliyobanwa juu ya mpira. Tenki la plastiki likipasuka, lehemu haishiki. Hapo kinachobaki ni kubadilisha.

Kabla ya kubadilisha, sikiliza fundi anatumia kitenzi gani. Rejeta ikivuja, maji hutoka nje: kuna doa chini ya gari, au ukungu mweupe na kutu kwenye viungo. Gari likila maji ni habari nyingine. Maji yanapungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi, na huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Kumnunulia rejeta mpya mgonjwa wa aina hii ni kutupa fedha. Wapo pia wanaotia manjano ili yazibe tundu. Tundu dogo huweza kuzibika kweli, na mirija myembamba pia.

Kazi yenyewe ya kubadilisha rejeta haina siri kubwa, ila ina utaratibu. Injini ipoe kabisa ndipo mfuniko ufunguliwe, kwani maji yaliyobanwa yakiachiwa ghafla huruka yakiwa ya moto na kuunguza uso. Maji yamwagwe kwa bomba au nati ya chini, yakingwe kwenye beseni: kulanti yenye glaikoli ni sumu, na mbwa huvutwa na utamu wake. Halafu mipira ya juu na ya chini ifunguliwe klipu, kinga ya feni iondolewe, boliti zilegezwe, rejeta inyanyuliwe. Gari la gia za otomatiki mara nyingi lina mabomba mawili zaidi yanayopitisha oili ya giaboksi ndani ya tenki la rejeta ili nayo ipoe. Kiungo cha ndani kikipasuka, oili na maji huchanganyika na kuwa kama chai ya maziwa, na ghafla hesabu inakuwa ya giaboksi. Mwenye gari la namna hiyo aseme otomatiki tangu dukani, asije akauziwa rejeta isiyo na matundu ya mabomba hayo.

Mipira iliyokakamaa ibadilishwe siku hiyohiyo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo Pwani ni mengi, yasitiwe, maana huacha ukoko ndani ya mirija. Ujazaji uwe wa polepole, injini ikiunguruma mpaka themostati ifunguke, kwa kawaida kwenye nyuzi 80 na kitu, na hewa iliyonaswa itoke. Injini ikishapoa, rejeta ijazwe tena.

Kisha mfuniko, ambao wengi huurudisha wa zamani kwa kubana matumizi. Kazi yake si kufunika tu. Springi yake hubana maji kwa nguvu iliyoandikwa juu yake, mara nyingi baa 0.9 au 1.1, na kwa mbano huo maji huchelewa kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Bila mbano, Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Lori lililoshiba mzigo, likipanda mlima wa Kitonga na mfuniko wenye springi iliyochoka, litachemsha hata kama rejeta ilitoka dukani asubuhi hiyo.