Chauncy Maples: Meli ya misheni iliyogeuzwa ya vita Ziwa Nyasa

Ukishuka kutoka Mbeya mjini, ukapita Tukuyu hadi Kyela, unafika bandari ya Kiwira. Hapo ndipo MV Mbeya II inapakia abiria na mizigo ya kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, ziwa hili hili lilikuwa uwanja wa vita, na meli zilizozoea kubeba wasafiri wa kawaida zikajikuta zinabeba wanajeshi.

Mojawapo ni Chauncy Maples. Hii hapa historia yake kwa ufupi.

Ilitoka wapi?

Ilitengenezwa Glasgow, Scotland, mwaka 1899 kwa ajili ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Jina ni la Askofu Chauncy Maples, aliyewahi kufanya kazi Masasi na ambaye alizama Ziwa Nyasa mwaka 1895 baada ya mashua yake kupinduka.

Meli yenyewe ilikuja kwa vipande 3,481. Vilisafirishwa kwa bahari, kisha kwa mito Zambezi na Shire. Tatizo likawa maporomoko ya Mto Shire, maana hapo hakuna chombo kinachopita. Boila peke yake ilikuwa na uzito wa tani 11, si mchezo. Ikawekwa kwenye gari la magurudumu na kuvutwa kwa kamba na Wangoni wapatao 450, karibu kilomita 100, mpaka sehemu ambayo mto unapitika tena.

Iliunganishwa na kushushwa majini Juni 6, 1901, sehemu inayoitwa Malindi, kusini mwa ziwa (siyo Malindi ya Kenya). Ilikuwa na urefu wa takriban mita 38 na ilitumia mvuke.

Ilifanya kazi gani?

Ilikuwa kliniki, shule na chombo cha usafiri kwa pamoja. Ilizunguka vituo vya misheni pande zote za ziwa, ikibeba wagonjwa, walimu, wanafunzi, barua na vifaa. Kwa vijiji visivyo na barabara, moshi wake ukionekana kwa mbali ulimaanisha dawa zinakuja.

Vita vikaingiaje?

Agosti 1914, Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani. Upande wa Nyasaland, leo Malawi, Waingereza walikuwa na meli ya serikali, Gwendolen. Upande wetu Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann.

Taarifa za vita ziliwafikia Waingereza kwanza. Agosti 13, 1914, Gwendolen ikiongozwa na Kamanda Rhoades ikaenda Liuli, ambako Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na kuishambulia kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani, ambaye alikuwa rafiki yake Rhoades, hata hakujua kwamba vita vimeanza. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anasikia!

Kuanzia hapo Waingereza wakatawala ziwa. Chauncy Maples nayo ikachukuliwa kutoka kwa misheni na kuanza kubeba wanajeshi. Yaani chombo kilichojengwa kwa ajili ya wagonjwa sasa kikawa kinapeleka watu vitani.

Kwa nini meli zilikuwa muhimu hivyo?

Kwa sababu hakukuwa na barabara ya maana wala reli kufika kaskazini mwa ziwa. Wanajeshi, risasi na chakula vilipakiwa kusini na kushushwa Karonga, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Kasumulu. Kutoka ukanda huo wa mpaka, Mei 1916, Jenerali Edward Northey alivuka na kuingia Tukuyu, wakati huo Neu Langenburg. Julai 24 kukawa na mapigano Malangali, ambayo leo ni wilaya ya Mufindi. Agosti 29, 1916, Iringa ikachukuliwa.

Nani alibeba mizigo baada ya meli?

Hapa ndipo historia nyingi zinaruka. Meli iliishia ufukweni. Kutoka hapo kupanda milima ya Rungwe, Njombe hadi Iringa, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Wapagazi hawa Nyasaland waliitwa tenga-tenga. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakafa kwa njaa, baridi, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa Afrika Mashariki. Jina Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Iringa mjini kuna makaburi ya vita hivyo, yenye majina na tarehe. Wapagazi wengi hawana hata alama. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya uchunguzi kuonesha kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya.

Meli iko wapi sasa?

Baada ya vita ilirudi misheni na kufanya kazi hadi miaka ya 1950. Mwaka 1967 Serikali ya Malawi iliinunua, ikaondoa injini ya mvuke na kuweka ya dizeli, kisha ikaifanya meli ya abiria. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kuirudisha kuwa kliniki inayoelea, lakini haukukamilika.

Kwa hiyo jina la askofu bado linajulikana, na idadi ya vipande vya meli tunayo hadi kimoja cha mwisho: 3,481. Majina ya wale 450 waliovuta boila, na ya waliobeba risasi hadi Iringa, hayakuandikwa. Kama kwenu Kyela, Rungwe, Njombe au Mufindi kuna mzee anayekumbuka simulizi ya babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita, muulize leo na uiandike.