Treni isiyofika Beni

Butembo ina maghala na malori yanayopandisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa. Beni ina uwanja wa ndege na barabara ya Kasindi. Reli haimo katika mji wowote kati ya hiyo miwili, ingawa katika karne ya 20 treni iliwakaribia Wanande, wenyeji wa miji hii, mara mbili, na mara zote mbili ikaishia njiani. Ndiyo maana naona kijana wa huku anayetaka kutengeneza reli ndogo ya mfano nyumbani hana haja ya kuiga stesheni za Ujerumani: ana historia ya kwao ya kuiga.

Treni ya kwanza ilikuja kwa upande wa kaskazini-magharibi. Kampuni ya Vicicongo ilianza kutandika reli kutoka Aketi mwaka 1924, ikapita Buta na Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1937 ikafika Mungbere. Huko kazi kubwa ilikuwa pamba na kahawa. Ya pili ilitoka mashariki: reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, Kampala 1931, kisha Kasese 1956, kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Kasese iko Uganda, upande wa pili wa milima ya Ruwenzori. Reli haikuvuka mpaka.

Mimi nachagua Vicicongo. Upana wa reli zake ulikuwa milimita 600 tu, wakati ile ya Uganda ina mita moja kamili. Reli nyembamba hukata kona kali na hugharimu kidogo kuijenga. Hasara yake ni mwendo wa polepole na mzigo mdogo. Mezani hasara hizo hazimkeri mtu, na kona kali ndiyo hasa inayohitajika chumbani.

Mchezo wenyewe wa reli za mfano ulipata sura yake mwaka 1891, kampuni ya Kijerumani ya Märklin ilipoonyesha kwenye maonyesho ya Leipzig reli zenye vipimo maalumu. Aliyenunua vipande vichache aliweza kuongeza vingine mwaka uliofuata vikaungana sawasawa. Baadaye kipimo cha 1 kwa 87 kikashika sehemu nyingi za dunia. Kwa kipimo hicho, mtu mzima ana urefu wa sentimita mbili, na reli ya Vicicongo ina upana usiozidi milimita 7: nyaya mbili zilizonyooshwa vizuri, zikagandishwa juu ya vijiti vya mwanzi vilivyo badala ya mataruma. Mtandao wote, wenye zaidi ya kilomita 1,000, ungetaka karibu kilomita 24 za waya. Huo ni wazimu. Jenga Mungbere peke yake.

Mungbere ndiko reli ilikoishia na malori yakapokea mizigo, na kwa malori watoto wetu ni mafundi tayari: gari la waya au la makopo, lenye matairi ya kandambili zilizochakaa, hawahitaji kufundishwa. Basi mkubwa ashike reli, watoto washike malori, jirani achonge ghala la pamba.

Kinachokosekana ni picha na vipimo. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye reli ya Isiro au Mungbere, mkalishe leo, mpe kalamu na karatasi, achore stesheni ilivyokuwa.