Usalama wa Mtoto Mchanga Kitandani

Wazazi na walezi wanakumbushwa kuwa kitanda salama cha mtoto mchanga ni kile kisicho na vitu vingi. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, linaloenea bila kuacha mwanya pembeni. Mito, mablanketi na midoli viondolewe, kwani vinaweza kumzibia pumzi. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, ili mwili usipenye na kichwa kubaki kimenaswa. Chandarua kifungwe imara kisimwangukie. Mtoto akianza kuketi, godoro lishushwe.

Anayenunua kitanda kilichotumika akague ubavu wake: vitanda vyenye ubavu wa kushuka vilipigwa marufuku nchini Marekani mwaka 2011, kufuatia vifo vya watoto walionaswa.